UZI: Mfumo wa kupooza injini unavyofanya kazi, na kwa nini thamostati isitolewe hata kama tuko nchi ya joto

#1 Bloki na Hedi

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani haupiti muda bila mtu kuleta shida ya gari kuchemsha, na majibu mengi ni yaleyale: toa thamostati (kile kimlango cha maji kati ya injini na rejeta), piga feni direct (iunganishwe izunguke muda wote), weka maji ya bomba maana kulanti (ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta) ni ya Wazungu wenye barafu. Nimeona niandike kwa kirefu, kwa sababu ushauri huu unaua injini, na anayeumia ni mtu aliyejinyima miaka ili apate IST au Noah moja ya familia.

Tuanzie ndani ya silinda. Petroli inapowaka, joto la gesi linapita nyuzi 2,000. Aluminiamu ya silinda hedi na pistoni inayeyuka kwenye nyuzi 660 au chini ya hapo. Haiyeyuki kwa sababu moto ule ni wa kitambo kidogo sana, na kwa sababu kuna maji yanazunguka nyuma ya ukuta wa silinda yakilibeba joto kabla halijakaa. Kwa makadirio ya kawaida, nguvu ya petroli unayochoma inagawanyika mara tatu: theluthi inazungusha injini, theluthi inatoka na moshi, theluthi inaingia kwenye chuma. Ile ya mwisho ndiyo kazi ya rejeta. Kwa hiyo injini inayotoa kilowati 15 ukiwa unatembea zako barabara kuu, karibu kilowati 15 nyingine inabidi zitupwe nje kupitia maji, muda wote, bila kupumzika.

Maji yanazunguka hivi. Pampu inayasukuma kuingia kwenye bloki, yanazunguka silinda, yanapanda kwenye hedi ambako ndiko kwenye joto kali kuliko kote (karibu na valvu za moshi), yanatoka kwa mpira wa juu kwenda kwenye rejeta. Huko yanapita kwenye vijibomba vyembamba vilivyozungukwa na mapezi ya aluminiamu, upepo unachukua joto, kisha yanarudi kwa mpira wa chini hadi kwenye pampu. Yote hayo kwa lita 5 hivi tu kwenye gari dogo. Maji yaleyale yanarudi na kurudi.

Sasa thamostati. Ndani yake kuna kikopo cha shaba chenye nta. Injini ikiwa ya baridi, nta imeganda, mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu bila kwenda kwenye rejeta. Yakipata moto, nta inayeyuka, inavimba, inasukuma pini, mlango unafunguka. Kwenye injini ya 1NZ-FE (IST, Probox, Raum, Vitz za cc 1500) unaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kufika 95 umeshafunguka wote. Hakuna umeme, hakuna kompyuta, ni nta.

Hapo ndipo naomba tuelewane vizuri. Anayesema "toa thamostati ili injini ipoe" anadhani thamostati inazuia maji wakati injini ina moto. Haizuii. Kwenye nyuzi 95 mlango uko wazi wote, kwa hiyo gari linalochemsha kwenye nyuzi 110 halina faida ya maana litakalopata kwa kuutoa. Kama thamostati imekwama ikiwa imefungwa, ndiyo, hiyo ni mbovu, badilisha uweke nzima.

Ukiitoa, haya ndiyo yanafuata. Injini inachelewa kupata moto, na kwenye safari fupi huenda isiupate kabisa. Kompyuta ya gari inasoma sensa ya joto, inaona injini bado ya baridi, inaongeza petroli kama inavyofanya asubuhi. Unalalamika gari linakula mafuta, unabadilisha plagi, unasafisha nozeli, kumbe ni hilo. Mvuke wa maji unaotokana na kuungua kwa petroli unaingia kwenye oili na haupati joto la kuufukuza, oili inatengeneza tope. Ukuta wa silinda unakaa na petroli isiyoungua inayoosha oili, na ringi zinalika. Injini imetengenezwa ifanye kazi kwenye nyuzi 85 hadi 100 hivi. Nafasi kati ya pistoni na silinda, uzito wa oili, kila kitu kimepimwa kwa joto hilo. Dar iwe nyuzi 33 au Tokyo iwe nyuzi 5, ndani ya injini joto linalotakiwa ni lilelile.

Kuna jambo baya zaidi ambalo mafundi wengi hawalijui. Thamostati za Toyota nyingi zina sahani mbili. Ya kwanza inafungua njia ya rejeta. Ya pili, iliyoko nyuma, wakati huohuo inafunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoozwa. Ndiyo maana magari mengine yakitolewa thamostati yanachemsha ZAIDI mlimani. Vitabu vya ufundi vya Toyota vyenyewe vimeandika wazi kwamba isitolewe hata kama injini ina tabia ya kuchemsha, kwa sababu kuitoa kunapunguza uwezo wa kupooza.

Nchi ya joto ina athari yake, sikatai. Rejeta inatupa joto kulingana na tofauti iliyopo kati ya maji na hewa. Maji yakiwa 90 na hewa ya Dar 33, tofauti ni 57. Hewa ikiwa 10, tofauti ni 80. Rejeta ya huku ina akiba ndogo, ndiyo maana rejeta ya nchi ya baridi yenye vijibomba vilivyoziba inaweza kuvumilia na ya kwako isivumilie. Dawa yake ni rejeta safi, feni nzima na mfuniko mzima wa rejeta.

Na mfuniko ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kwenye mfumo huu, na ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Umeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake. Hiyo ni presha. Maji yakibanwa hayachemki kwenye nyuzi 100. Kwenye mfuniko wa 1.1 ulio mzima, maji matupu yanafika nyuzi 120 hivi ndipo yachemke. Mfuniko ukichoka, mpira wake ukipasuka, presha haishikiki, na maji yanachemka kwa presha ya hewa ya mahali ulipo. Mbeya mjini, mita 1,700 juu ya bahari, maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Linganisha na 95 ya thamostati hapo juu. Yaani gari lenye mfuniko mbovu Mbeya linaweza kuchemsha maji kabla hata thamostati haijamaliza kufunguka, halafu mtu anaambiwa afungue injini.

Kulanti, pampu na feni nitaviongelea kadiri maswali yatakavyokuja. Karibuni.

#2 Kapulya wa Mbezi

Mkuu uzi umetulia. IST yangu haina mshale wa joto, ina taa ya bluu asubuhi inazima baadaye. Siku hizi inakaa muda mrefu sana, natoka Mbezi mpaka Ubungo bado inawaka. Fundi kasema nisijali, bluu ni nzuri maana yake injini imepoa. Kuna ukweli?

#3 Bloki na Hedi

Mkuu, bluu maana yake injini bado haijapata joto la kazi, na maadamu inawaka hivyo usiilazimishe mbio. Ikiwa nzima, inatakiwa izime dakika chache tu baada ya kuondoka. Kutoka Mbezi mpaka Ubungo ni mbali mno. Ama thamostati imekwama ikiwa wazi, ama aliyekuwa na gari kabla yako aliitoa. Na uangalie kama feni inazunguka muda wote hata asubuhi injini ikiwa ya baridi. Huenda mtu aliipiga direct.

Wakati wa kufunga mpya, mwambie fundi aangalie kile kipini kidogo kinachochezacheza kwenye pete ya thamostati. Kinakaa juu. Kazi yake ni kupitisha hewa iliyonaswa wakati wa kujaza maji. Kikiwekwa chini, hewa inabaki nyuma ya mlango, na nta iliyo kwenye hewa haisikii joto la maji, kwa hiyo inachelewa kufungua.

Kuhusu magari yasiyo na mshale kwa jumla (IST, Vitz, Passo na wenzao), fahamu kwamba taa nyekundu ikiwaka umeshachelewa kidogo. Hata wenye mshale wasijiamini sana: kwenye magari mengi ya kisasa mshale umetengenezwa ukae katikati kwa eneo kubwa la joto, hautikisiki mpaka mambo yawe mabaya. Kuna vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye soketi ya dayagnosi chini ya usukani vinavyotuma namba halisi ya joto kwenye simu. Ni vya bei ndogo ukilinganisha na hedi.

#4 Dereva wa Tunduma

Nimeendesha malori na Land Cruiser njia ya Tunduma tangu enzi za barabara mbovu. Kijana unaandika vizuri lakini sisi tulitoa thamostati kwenye magari yote na Kitonga tulipanda. Mnasoma vitabu, barabara ina mambo yake. Kuchemsha kwa Kitonga dawa yake ni dereva, siyo kifaa.

#5 Bloki na Hedi

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana nawe sehemu kubwa, na hilo la dereva nitalisema wazi kwa vijana wanaopita huku.

Kitonga ni mlima mbaya kwa injini kwa sababu mzigo ni mkubwa na mwendo ni mdogo, kwa hiyo joto ni jingi na upepo wa mbele haupo. Pampu ya maji na feni ya mkanda zinazunguka kwa kasi ya injini. Anayepanda na gia kubwa huku injini inaguguma kwa mizunguko midogo anadai nguvu kubwa huku ameipunguzia injini maji na upepo. Ukishusha gia mapema na kuiacha injini izunguke vizuri, pampu inasukuma, feni inavuta. Hiyo ndiyo siri ya madereva wa zamani, na fizikia yake haijabadilika.

Magari ya zamani mzee wangu yalikuwa na rejeta kubwa za shaba nyekundu na shaba ya njano, injini za chuma kitupu, na mafuta yanapimwa na kabureta au pampu ya dizeli isiyouliza joto. Zilivumilia mengi. Hedi ya aluminiamu haivumilii. Aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma, na ikiwa imefungwa kwa bolti juu ya bloki ya chuma, ikizidi joto inakosa pa kwenda, inapinda.

Kwenye Land Cruiser na Hiace za dizeli kuna kitu kingine cha kukagua: kile kikombe cha katikati ya feni. Ndani kuna mafuta ya silikoni. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya moto, kinashika na feni inazunguka kwa nguvu. Ikiwa ya baridi kinaachia. Yale mafuta yakivuja, feni inazunguka kivivu hata mlimani. Injini ikiwa imezimwa na ina moto, izungushe feni kwa mkono. Ikizunguka yenyewe mara nyingi bila ubishi, kikombe kimekufa.

#6 Mama Zai

Asante kaka kwa elimu. Niko Dodoma, maji yetu ya chumvi mnayajua. Fundi wangu anajaza maji ya bomba kwenye rejeta, kulanti anasema ni gharama bure. Na zile rangi, nyekundu, kijani, pinki, zina tofauti gani? Nikichanganya?

#7 Bloki na Hedi

Dada, ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika la umeme hapo Dodoma ndio huohuo unaojengeka ndani ya rejeta na kwenye njia za maji za bloki. Ukoko unazuia joto kupita. Tabaka jembamba tu linatosha kuifanya rejeta ionekane nzima kwa nje na iwe nusu ndani. Chumvi nayo inakula aluminiamu mpaka inatoboa.

Kulanti ina kazi nne, na kuzuia barafu ndiyo isiyotuhusu tukiwa huku. Tatu zilizobaki zinatuhusu sana. Inazuia kutu na kuliwa kwa aluminiamu, shaba na chuma vilivyokaa kwenye maji mamoja. Inapandisha nyuzi za kuchemka: nusu kwa nusu na maji inachemka kwenye 107 hivi bila presha yoyote, na ukiongeza presha ya mfuniko inakaribia 130. Na inaulinda muhuri wa pampu ya maji, ambao ukikaa na maji matupu unakufa mapema. Chini ya pampu kuna kitundu kidogo; ukiona kinadondosha maji au kina alama ya ukungu wa rangi ya kulanti, muhuri umeondoka, pampu inabadilishwa.

Niwe mkweli kuhusu jambo moja ambalo wauzaji hawasemi: maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko kulanti. Kwa hiyo kulanti tupu bila maji ni kosa vilevile. Nusu kwa nusu inatosha. Kuna zile zilizokwishachanganywa kiwandani, hizo usiongeze maji, soma chupa.

Kwa kuchanganyia tumia maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri. Hakikisha ni MAJI ya betri. Asidi ya betri inauzwa kwenye chupa zinazofanana.

Rangi ni ya kiwanda tu, haina sheria ya dunia. Pinki ya Toyota na pinki ya kampuni nyingine zinaweza kuwa na kemikali tofauti kabisa. Baadhi ya aina zikikutana zinaganda na kuziba vijibomba. Kama hujui kilichomo, mwaga yote, suuza, jaza upya aina moja. Na dada, usimwage chini. Ile kitu ina ladha tamu na ni sumu kali, watoto na mbwa wanaweza kuilamba. Weka kwenye dumu, funga, andika.

#8 Mkaazi wa Nakuru

Niko Kenya. Probox yangu ndani ya jam iko sawa kabisa, lakini nikitoka Nakuru kwenda Nairobi, nikishaanza kupanda kutoka Mai Mahiu inachemka. Nimebadilisha feni mara ya pili sasa, bado. Nifanye nini ndugu zangu?

#9 Spana 14

Ndugu wa Nakuru, mimi ni fundi, niko Gerezani hapa Dar. Feni haihusiki. Shika kanuni hii, itakuokolea pesa:

Gari inayochemsha kwenye foleni na kupoa barabara kuu, hiyo ni ya upepo. Angalia feni, rilei, fyuzi, sensa, na lile kava la plastiki linalozunguka feni. Ukipita kasi ya 60 hivi upepo wa barabarani unatosha, feni haina kazi.

Gari inayopoa kwenye foleni na kuchemsha kwenye mwendo au mlimani, hiyo ni ya maji. Maji hayazunguki ya kutosha au hayatoshi. Rejeta imeziba ndani, pampu mapanga yamelika, mkanda unateleza, au mpira wa chini umelegea unafyonzwa na kujibana wakati injini inazunguka kasi. Huo mpira wa chini ndio pampu inafyonzea. Mwambie mtu akanyage mafuta huku wewe unaangalia. Ukiuona unaingia ndani, umeupata ugonjwa.

Kwa Probox ya kazi, mimi ningeanza na rejeta. Injini ikiwa na moto na IMEZIMWA kabisa, pitisha mkono karibu na mapezi, usiguse. Penye ubaridi katikati ya joto ndipo palipoziba. Halafu chungulia kati ya rejeta na ile kondensa ya AC iliyo mbele yake. Matope, mbegu za nyasi na wadudu vinajaa pale katikati na kwa mbele huoni kitu. Osha kwa maji ya presha ndogo kutokea upande wa injini kwenda mbele. Presha kubwa inalaza mapezi.

Na kwa vile mleta uzi ametusema mafundi, niseme la upande wetu. Mteja anakuja gari inachemsha, namwambia rejeta, mfuniko na kulanti, anasema hana hela, anataka apande nayo Iringa kesho. Anakwenda kwa jirani, anatolewa thamostati na kupigiwa feni direct, analipa elfu kumi na kuondoka. Miezi michache baadaye gari inarudi imevutwa. Mimi feni direct sipigi. Ile mota haikutengenezwa izunguke kutwa, na waya unaowekwa mara nyingi ni mwembamba, hauna fyuzi. Nimeona waya umeungua mpaka kwenye bodi.

Ukinunua rejeta ya mtumba Ilala Shauri Moyo, dai na kava la feni. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuvuta kupitia kwenye mapezi yote.

#10 Mkaazi wa Nakuru

Shukran sana fundi. Mpira wa chini ndio huo, mkono ukiubonyeza ni laini kama hauna kitu. Na mpira wa juu asubuhi naukuta umejibana, injini ikiwa imepoa. Hiyo pia ni pampu?

#11 Spana 14

Hapana, hiyo ni mfuniko. Mfuniko una valvu mbili. Kubwa inaachia maji yaende tenki la akiba presha ikizidi. Ndogo ya katikati inafunguka injini ikipoa, ili maji yavutwe kurudi. Ikikwama, rejeta inabaki na utupu na mipira inajibana. Badilisha mfuniko kwa namba ileile iliyoandikwa, usipandishe kutoka 0.9 kwenda 1.1 kwa kudhani ni bora. Mipira yote miwili badilisha pia.

#12 Kijana wa Ifakara

Wakuu naomba msaada. Gari inakunywa maji, kila siku mbili naongeza, chini hakuna tone. Jamaa ananiambia nivunje yai bichi nimimine kwenye rejeta, mwingine kaniuzia dawa ya kuziba. Nimimine?

#13 Bloki na Hedi

Usimimine kitu chochote bado, mkuu.

Yai linaganda kwenye joto na linaweza kuziba tundu la rejeta kwa muda. Lakini halichagui tundu. Linaganda pia kwenye vijibomba vya rejeta, kwenye rejeta ndogo ya hita, kwenye thamostati. Dawa za kuziba zina tabia hiyohiyo kwa kiwango kidogo. Mtu aliyekwama porini na tundu dogo, naelewa. Kwa maji yanayopotea bila kuonekana chini, siyo dawa.

Maji yanayopotea bila kuonekana yana njia tatu. Ya kwanza ni mvujo mdogo unaokauka juu ya injini yenye moto kabla haujadondoka. Utaona alama nyeupe au ya rangi mahali ulipopita. Ya pili ni rejeta ndogo ya hita iliyo ndani ya dashibodi. Zulia la abiria wa mbele linakuwa na unyevu na kioo kinapata ukungu wa mafuta wenye harufu tamu. Ya tatu ndiyo inayotisha: gasketi ya hedi.

Gasketi ya hedi inatenganisha vitu vitatu vinavyopita milimita chache kutoka kimoja hadi kingine: moto wa silinda, maji na oili. Ikipasuka kati ya silinda na maji, presha ya mlipuko inaingia kwenye maji. Washa injini ikiwa ya BARIDI kabisa na mfuniko ukiwa wazi, angalia mapovu. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyonaswa. Yakiendelea bila kukoma, na yakiongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda. Dalili nyingine: mpira wa juu unakuwa mgumu sana muda mfupi tu baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata moto. Au injini inatetemeka asubuhi kwa sekunde chache, kwa sababu maji yaliingia silinda moja usiku. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto, wenye harufu tamu. Au chini ya mfuniko wa oili pana rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ya mwisho isikupe hofu peke yake: gari la safari fupi fupi linaweza kuonyesha ukungu kidogo pale kwa sababu ya unyevu tu. Angalia na kijiti cha oili. Kikiwa nacho kimebadilika rangi, usiwashe tena.

Kuna kipimo chenye maji ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta. Kikinusa gesi ya moshi kinageuka njano. Karakana nzuri zinacho. Kipime kabla ya kukubali hedi kufunguliwa, kwa sababu kuna watu wamefunguliwa injini kwa kosa la mfuniko.

Ikithibitika, hedi ikifunguliwa lazima ipimwe kwa rula ya chuma na vibamba vya kupimia nafasi, halafu isawazishwe kwenye mashine kama imepinda. Kubadilisha gasketi peke yake juu ya hedi iliyopinda ni kulipa mara mbili. Bolti zake kwenye injini nyingi za kisasa zinavutika zinapokazwa, kwa hiyo zina kipimo cha urefu, zikizidi hazirudishwi. Na zinakazwa kwa spana ya kupimia nguvu, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje. Fundi asiye na spana hiyo asifungue hedi yako.

#14 Kapulya wa Mbezi

Swali la mwisho mkuu, maana wengi tunakutwa barabarani. Ikishachemka, mtu afanye nini hatua kwa hatua?

#15 Bloki na Hedi

Ukiona joto linapanda lakini taa nyekundu bado haijawaka: zima AC, fungua hita mpaka mwisho wa moto na feni yake kwa nguvu. Itakuwa adha kwa waliomo, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili na inaondoa joto la kweli. Tafuta pa kusimama.

Taa nyekundu ikiwaka au mvuke ukitoka: simama, zima. Usiendelee "mpaka pale mbele". Hedi inapinda kwenye kilomita hizo chache. Inua boneti kama hakuna mvuke mwingi, subiri nusu saa au zaidi.

MFUNIKO USIUGUSE. Maji yaliyomo yanaweza kuwa nyuzi 115 na bado ni maji kwa sababu tu yamebanwa. Ukifungua, presha inaondoka, na sehemu yake inageuka mvuke papo hapo na kurusha yaliyobaki usoni na kifuani kwako. Watu wamepoteza macho. Kitambaa hakikuokoi. Subiri mpaka mpira wa juu uweze kuushika kwa mkono na ukiubonyeza usiwe mgumu, ndipo ufungue taratibu.

Usimimine maji baridi juu ya injini wala ndani wakati chuma bado kina moto. Bloki na hedi zinaweza kupasuka. Ikishapoa, mimina kidogo kidogo. Barabarani maji yoyote safi yanafaa ukikosa mengine, ukifika mwaga na uweke kulanti.

Jambo moja linalowadanganya wengi: maji yakiisha kabisa, mshale unaweza KUSHUKA. Sensa inapima maji. Ikibaki kwenye hewa tupu inasoma uongo. Mtu anaona mshale umerudi chini, anafurahi, anaongeza mwendo. Ukiona joto limepanda halafu limeshuka ghafla na hita inapuliza hewa ya baridi, simama hapohapo.

Na tenki la akiba lisikudanganye pia. Linaweza kuwa limejaa huku rejeta ni tupu, kwa sababu kile kipira kinachoviunganisha kimepasuka na kinavuta hewa. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta wenyewe. Maji yawe mpaka mdomoni.

#16 Dereva wa Tunduma

Marahaba kijana. Hilo la mshale kushuka ni kweli, nimewaona wengi wakiua injini hivyo. Ongeza hili: ukishajaza maji mapya, fungua hita, elekeza pua ya gari juu kwenye mwinuko, mfuniko wazi, injini iungurume taratibu huku unabonyeza mipira mpaka mapovu yaishe. Hewa ikibaki kwenye hedi utachemsha tena kesho.

#17 Mtoto wa Pikine

Nina Prius ya 2010, nimeona kuna vitenki viwili vya kulanti chini ya boneti. Na mkanda wa pampu siuoni kabisa. Au iliibiwa?

#18 Bloki na Hedi

Haijaibiwa mkuu. Prius ya kizazi cha tatu, iliyotoka 2009, injini yake haina mkanda hata mmoja; pampu ya maji ni ya umeme. Kitenki cha pili ni cha inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa ili uendeshe mota), mfumo unaojitegemea wenye pampu yake ndogo ya umeme na maji yake, yasiyochanganyika na ya injini. Injini ikiwa imezimwa na gari liko tayari kwa safari, fungua kile kitenki cha inveta utazame: maji yanatakiwa yaonekane yakichezacheza. Yakitulia tuli, ile pampu ndogo imekufa, na inveta ni ghali kuliko hedi. Weka pinki ya Toyota iliyokwishachanganywa kwenye vyote viwili, usitumie maji ya bomba hata tone.

#19 Spana 14

Na Aqua nayo pampu yake ni ya umeme. Kwa hizo, hewa ikibaki ndani pampu inasukuma mapovu na kusimama, kwa hiyo wakati wa kujaza usiharakishe.